Arthur Holmes, mtu aliyeliuliza jiwe umri wake

Ukisimama Mwanza mbele ya Jiwe la Bismarck, lile lililokaa juu ya wenzake ziwani kama mzigo kichwani, mtu wa jiolojia atakuambia kwamba granaiti ya eneo hilo ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Una haki ya kumuuliza: umejuaje? Jiwe halina cheti cha kuzaliwa, na hakuna aliyekuwapo kushuhudia.

Jibu limejengwa na mikono mingi, lakini sehemu yake kubwa inapita katika maisha ya Mwingereza mmoja, Arthur Holmes, aliyezaliwa mwaka 1890 karibu na Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, na kufariki Septemba 1965. Jina lake halitajwi sana nje ya madarasa ya jiolojia, na hata humo hupitwa haraka. Kwangu mimi Holmes anastahili kukaliwa kitako, kwa sababu alitambua jambo ambalo wengi wa rika lake walikuwa wakilitazama upande mmoja tu: kuvunjika kwa atomu ndani ya mwamba ni saa inayohesabu miaka, na papo hapo ni jiko linaloisukuma Dunia.

Tuanze na saa.

Holmes alilelewa katika familia ya Wamethodisti. Biblia nyingi za Kiingereza za wakati ule zilikuwa na tarehe pembeni mwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Mwanzo: mwaka 4004 kabla ya Kristo, hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher wa karne ya 17. Ukubwani Holmes alisimulia kwamba kilichomsumbua utotoni ni ile nne ya mwisho. Kwa nini isiwe 4000 kamili? Swali la kitoto, lakini ndilo hasa swali la mpimaji: hii tarakimu umeitoa wapi?

Alipofika chuoni London mwaka 1907 kusoma fizikia, namba iliyokuwa na nguvu haikuwa tena ya Ussher. Ilikuwa ya Lord Kelvin, mwanafizikia aliyeheshimika kuliko karibu wote Uingereza. Hoja ya Kelvin ilikuwa safi. Dunia ilianza ikiwa donge la moto, tangu hapo inapoa. Ukishuka mgodini joto huongezeka kadiri unavyozidi kwenda chini. Ukijua linaongezeka kwa kasi gani, unaweza kurudi nyuma kwa hesabu mpaka siku donge lilipoanza kuganda. Mwaka 1862 alipata kati ya miaka milioni 20 na milioni 400, na kufikia mwaka 1897 alikuwa ameibana hadi kati ya milioni 20 na 40.

Wanajiolojia walinung'unika. Walikuwa wakitazama matabaka ya mchanga na chokaa yenye unene wa kilomita kadhaa, na hawakuona yangewezaje kujirundika kwa muda mfupi hivyo. Ila nani angebishana na Kelvin kwenye hesabu? Wengi waliishia kwenye makisio ya miaka milioni mia moja hivi, wakatulia hapo.

Kisha ukaja unururifu. Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba urani inatoa mionzi yenyewe, bila kuchochewa na kitu. Ndani ya miaka michache Ernest Rutherford na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba atomu za urani zinavunjika na kugeuka kuwa atomu za kitu kingine, kisha kingine tena, hatua baada ya hatua. Mwaka 1907 Mmarekani Bertram Boltwood alihitimisha kwamba mwisho wa safari hiyo ni risasi. (Ni ile metali nzito, laini, ya kijivu. Risasi ya bunduki ndiyo iliyoazima jina kwake.)

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo twende taratibu.

Hakuna anayeweza kusema atomu fulani ya urani itavunjika leo au baada ya miaka bilioni. Lakini ukiwa nazo nyingi, idadi inayovunjika kwa mwaka haibadiliki kiholela. Urani ya aina ya 238, iliyo nyingi kuliko nyingine, huchukua miaka bilioni 4.47 mpaka nusu yake iwe imevunjika. Muda huo huitwa nusumaisha. Ipashe moto, igandishe, ibane chini ya mlima, nusumaisha yake itabaki ile ile. Hiyo ndiyo sifa ya saa nzuri, kwamba haijali hali ya hewa.

Sasa unahitaji chombo cha kuifungia saa hiyo, na chombo bora ni zirkoni. Ni punje ngumu, mara nyingi ndogo kuliko chembe ya mchanga wa pwani. Inapoganda ndani ya mwamba ulioyeyuka, muundo wake una nafasi za kuipokea urani, ila risasi inakataliwa mlangoni. Siku ya kwanza, basi, punje ina urani na karibu haina risasi kabisa. Risasi utakayoikuta humo baadaye imezaliwa humo humo.

Tuseme umefungua punje moja ukakuta kwa kila atomu 100 za urani-238 zilizobaki kuna atomu 10 za risasi iliyozaliwa nayo. Maana yake mwanzoni zilikuwa 110, na 10 zimeshavunjika. Ukiingiza namba hizo kwenye hesabu ya nusumaisha unapata miaka milioni 614. Punje nyingine ikiwa na atomu 50 za risasi kwa kila 100 za urani, umri wake ni kama miaka bilioni 2.6. Shikilia namba hizo mbili, tutazikuta tena.

Holmes hakuwa na anasa ya kuhesabu atomu. Akiwa mwanafunzi wa Robert Strutt pale Imperial College, alichukua madini ya mwamba mmoja wa Norwei, akayasaga, akayayeyusha kwa kemikali, na kutafuta risasi kwa vipimo vya sehemu ndogo mno za gramu, kazi ambayo uchafu kidogo kwenye chombo unatosha kuiharibu. Alipata uwiano wa risasi kwa urani wa 0.045, ambao kwa kanuni ya siku zile ulikuwa sawa na miaka milioni 370. Katika makala hiyo ya mwaka 1911 alikokotoa pia umri wa sampuli zilizopimwa na wengine. Ya zamani kuliko zote, kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo), ilifika miaka milioni 1,640. Alikuwa na miaka 21, na alikuwa ameipa Dunia umri mara arobaini na zaidi ya ule wa Kelvin.

Msumbiji, na kifo ambacho hakikuwa

Sayansi haikumlipa. Ruzuku yake ya masomo ilikuwa pauni 60 kwa mwaka, na kampuni moja ya kutafuta madini ilikuwa ikitoa pauni 35 kwa mwezi kwa atakayekubali kwenda Msumbiji. Mwaka 1911 akapanda meli.

Kwa miezi sita walitafuta na hawakupata cha maana. Kilichompata yeye ni malaria, kali kiasi kwamba taarifa ya kifo chake ilishatumwa kwao. Alinusurika, akapata nguvu za kutosha kupanda meli kurudi. Kwa hesabu ya kampuni safari ile ilikuwa hasara tupu, lakini alirudi akiwa ameyajua kwa mikono yake mawe ya kale ya upande ule wa Afrika, na hayo hakuyaacha maisha yake yote.

Mwaka 1913 alitoa kitabu kuhusu umri wa Dunia. Kilichofuata kinachekesha kidogo. Wanajiolojia walewale waliolalamika kwamba Kelvin amewabania muda, sasa walilalamika kwamba huyu kijana amewapa mwingi kupita kiasi. Walishazoea miaka milioni mia moja, na bilioni moja na nusu hawakujua waiweke wapi.

Tuwatendee haki, shaka nyingine zilikuwa na msingi. Si risasi yote ni mtoto wa urani. Nyingine huzaliwa na thoriamu, elementi nyingine inayovunjika kama urani, na nyingine ilikuwapo tangu mwanzo wa Dunia. Ukizichanganya, jiwe linaonekana zee kuliko lilivyo. Dawa ilikuja polepole, baada ya kugundulika kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti, yaani isotopu. Urani-238 huishia kwenye risasi-206. Urani-235, yenye nusumaisha ya miaka milioni 704, huishia kwenye risasi-207. Risasi-204 haizaliwi na chochote, kwa hiyo inakuonyesha ni kiasi gani cha risasi kilikuwapo toka awali. Ghafla punje moja ya zirkoni ina saa mbili zinazokwenda kwa kasi tofauti. Zikikubaliana, unaamini. Zikipishana, unajua jiwe limeguswa.

Maisha ya Holmes mwenyewe hayakwenda kwa mstari ulionyooka hivyo. Mwaka 1920 alikwenda Burma (Myanmar ya leo) kufanya kazi katika kampuni ya mafuta. Kampuni ikafilisika, na mwanawe mdogo akafa huko kwa ugonjwa wa kuhara damu. Alirudi Uingereza bila fedha wala kazi, na kwa muda mtu aliyekuwa akijua umri wa miamba kuliko wengi duniani akawa na duka la vitu vya sanaa vya Mashariki huko Newcastle. Mwaka 1924 Chuo cha Durham kilimwita kuanzisha idara ya jiolojia. Mwaka 1943 akahamia Edinburgh. Mkewe wa pili, Doris Reynolds, waliyeoana mwaka 1939 baada ya kifo cha mke wa kwanza, alikuwa naye mwanajiolojia mwenye jina lake.

Jiko

Kila atomu inapovunjika hutoa joto. Ni dogo sana. Shika kipande cha granaiti mkononi, hutasikia kitu. Lakini mwamba hupitisha joto polepole mno, na Dunia ni kubwa, kwa hiyo joto linalozaliwa kilomita mamia chini haliwezi kutoka kwa haraka. Leo inakadiriwa kwamba karibu nusu ya joto linalotoka ndani ya Dunia linatokana na unururifu, sehemu nyingine ikiwa ni masalio ya joto la mwanzo.

Kelvin hakujua habari hizi alipopiga hesabu zake, na mara nyingi husemwa kwamba hilo ndilo lililomkosesha. Si lote. Kosa kubwa zaidi lilionyeshwa mwaka 1895 na John Perry, aliyewahi kuwa msaidizi wake: Kelvin alidhani ndani ya Dunia joto linasafiri tu kupitia mwamba uliotulia. Kama vilivyo chini vinaweza kusogea na kubeba joto kwenda juu, hesabu yote inabadilika, na Dunia inaweza kuwa na umri mkubwa mno huku migodi ikionyesha joto lilelile.

Holmes aliikabili hoja hiyo kutoka upande wa pili. Yeye alikuwa na joto jingi, tatizo likawa litatokaje nje. Akahitimisha kwamba koti la Dunia, lile tabaka nene lililo chini ya ganda, lazima liwe linazunguka. Sehemu iliyopata joto inapanda, inasambaa pembeni, inapoa, inazama tena, kama maji kwenye sufuria.

Mfano wa sufuria umepotosha wengi, wakadhani chini yetu kuna bahari ya lava. Hapana. Koti ni mwamba mgumu. Fikiria lami kavu: ipige nyundo, itavunjika vipande kama kioo. Iache kwenye funeli, na baada ya miaka itadondosha tone. Mwamba wa koti nao huwa mgumu kwa nyundo na laini kwa mamilioni ya miaka. Unasogea sentimita chache kwa mwaka, kasi ya kucha kukua.

Wakati huo Mjerumani Alfred Wegener alikuwa ameshadai kwamba mabara yamehama, kwamba Afrika na Amerika ya Kusini ziliwahi kuwa kitu kimoja. Alichekwa, hasa kwa sababu nguvu alizozitaja za kuyasukuma mabara zilikuwa hafifu mno, na wanafizikia kama Harold Jeffreys walizikataa kwa hesabu. Holmes ndiye aliyeleta injini. Katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1931 na Chama cha Jiolojia cha Glasgow, alieleza mikondo ikipanda chini ya bara, ikilivuta pande mbili mpaka likachanika na bahari mpya ikafunguka katikati. Mikondo inaposhuka, mwamba mweusi wa basalti unabanwa na kugeuka kuwa eklojaiti, mzito zaidi, unaozama kwa uzito wake.

Alichoongeza hapo ndicho kinachonifanya nimpende. Aliandika wazi kwamba mawazo ya aina hiyo, yaliyobuniwa makusudi ili yajibu swali, hayana thamani ya kisayansi mpaka yapate ushahidi kutoka kwingine. Na ushahidi wa kwingine haukuwapo. Sakafu ya bahari ilikuwa haijapimwa.

Hakupatia kila kitu. Alidhani sakafu ya bahari hutanuliwa. Harry Hess mwaka 1962 alieleza kwamba inazaliwa upya kwenye matuta ya katikati ya bahari, na mwaka uliofuata Fred Vine na Drummond Matthews wakaonyesha jinsi mistari ya usumaku sakafuni ingeweza kulithibitisha hilo. Kuhusu nguvu yenyewe, wataalamu wengi leo wanaona kwamba mabamba ya gandunia, yaani vipande vikubwa vya ganda la Dunia vinavyosogea, huvutwa zaidi na ncha zake nzito zinazozama kuliko kubebwa na mikondo. Ukitazama kwa makini, eklojaiti ya Holmes imo ndani ya maelezo hayo.

Huku nyuma, ile namba ya umri wa Dunia iliendelea kukua mikononi mwake. Mwaka 1946 alichukua vipimo vya isotopu za risasi vya Mmarekani Alfred Nier. Wazo lilikuwa hili: mawe ya risasi yaliyoundwa zama tofauti yamebeba mchanganyiko wa risasi ya mwanzo na ile iliyozaliwa na urani, na kadiri jiwe lilivyo changa ndivyo fungu la pili lilivyo kubwa. Linganisha mengi, rudi nyuma, utafika siku mchanganyiko ulipoanza. Alipata kama miaka bilioni 3, mwaka uliofuata akaisogeza hadi 3.35. Friedrich Houtermans alifikia njia hiyohiyo mwaka 1946 bila kuwasiliana naye. Kilichokosekana ni sampuli ya risasi ya mwanzo isiyochafuliwa, na Clair Patterson aliipata ndani ya kimondo cha chuma, ambacho karibu hakina urani kabisa. Mwaka 1956 akatangaza miaka bilioni 4.55. Namba hiyo imesimama hadi leo, ikirekebishwa kwenye tarakimu za mwisho tu. Zile ambazo mtoto wa Gateshead alizitilia shaka.

Ukanda wa Msumbiji

Watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya ziada ya kumjua. Kwa miaka mingi sampuli kutoka huku zilisafirishwa hadi mezani kwake. Alichambua lava za ajabu za kusini-magharibi mwa Uganda, zenye potasiamu nyingi na silika kidogo kuliko lava za kawaida, na mwamba mmoja akauita katungaiti, kwa jina la volkeno ya Katunga. Sikio la Kiswahili linaweza kudhani alikuwa anatania.

Kubwa zaidi ni makala yake ya mwaka 1951. Mpaka hapo miamba ya kale ya Afrika ilikuwa ikirundikwa kwenye kapu moja: ya zamani, basi. Holmes alitumia umri uliopimwa, pamoja na mwelekeo wa mikunjo ya miamba, kuitenganisha. Katikati ya Tanzania na kuzunguka Ziwa Viktoria kuna kitovu cha kale sana, ambacho leo huitwa kratoni ya Tanzania. Ndimo zilimo granaiti za Mwanza na dhahabu ya Geita. Mashariki yake, kutoka Msumbiji kupanda Tanzania na Kenya kwenda kaskazini, upo mkanda wa miamba iliyopikwa na kukunjwa baadaye sana. Akauita Ukanda wa Msumbiji, kwa jina la nchi ile ambako aliwahi kutangazwa kuwa marehemu.

Rudi kwenye zile namba mbili. Atomu 50 za risasi kwa 100 za urani ndiyo hali ya zirkoni za kratoni. Atomu 10 kwa 100 ndiyo hali ya zirkoni nyingi za Ukanda, uliopikwa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, wakati mabara ya kale yalipogongana na kuinua milima ambayo pengine ilifanana na Himalaya. Milima yenyewe imeshaliwa na mvua. Tunachotembea juu yake leo Usambara, Uluguru na Taita ni miamba iliyokuwa kwenye mizizi yake, mingi ikiwa imepikwa kilomita ishirini na zaidi chini. Ndiyo maana vito viko humo: tanzanaiti ya Mirerani, savoraiti ya pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, rubi na garneti. Vinahitaji joto, shinikizo na mchanganyiko adimu wa kemikali, na mgongano ule ulivitoa vyote.

Ukikata zirkoni ya magharibi mwa Ukanda na kuiweka chini ya hadubini maalumu, mara nyingine utaona pete kama za shina la mti: kiini kimoja, na gamba jembamba juu yake. Pima kiini, unapata zaidi ya miaka bilioni 2.5. Pima gamba, unapata milioni mia sita na kitu. Punje moja, umri wa aina mbili. Maana yake ni kwamba sehemu hiyo ya Ukanda haikuletwa na mgongano. Ni ukingo wa kratoni yenyewe, ulioingizwa motoni upya, saa zake zikarudishwa sifuri kwenye gamba huku kiini kikikumbuka. Holmes aliweza kuona mpaka kati ya miamba miwili kwa vipimo vichache vya kukadiria. Leo mpaka huohuo unasomwa ndani ya chembe usiyoiona kwa macho.

Na tawi la mashariki la Bonde la Ufa limepita humohumo. Halikuipasua kratoni. Limeizunguka pembeni, likifuata Ukanda kwa sababu ndipo ganda lilipo dhaifu, na chini yake mwamba wa moto wa koti unapanda. Vipimo vya satelaiti vinaonyesha pande zake mbili zikiachana kwa milimita chache kila mwaka.